Mizani Haijipimi

Kila mwaka mkaguzi wa vipimo hupita Mwaloni
na mfuko wa mawe yake ya chuma,
kilo mbili, kilo tano, yamelainika kama sabuni.
Anayapandisha juu ya mizani yangu,
anainama, anachungulia mshale,
kisha anagonga muhuri wa risasi pembeni.
Miaka kumi na tisa nauza dagaa Kirumba
na sijaona mizani ikijipandisha
kwenye sahani yake yenyewe, ijisomee uzito.

Nasema haya kwa sababu ya Jumapili
na kwa sababu ya Nkwabi, mtoto wa Holo,
ambaye hanyooshi mkono darasani
ila siku ya kuniumiza.
Nilikuwa nafundisha ubatizo. Chaki imeisha,
naandika kwa mkaa: mlango ni mmoja.
Wakarudia, mlango ni mmoja.
Nkwabi akasimama.
"Mwalimu, bibi yangu wa Ukara
alikufa mlango haujamfikia.
Sasa amesimama wapi?"

Nilimpa jibu la kitabu. Sitaliandika hapa.
Akakaa taratibu,
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu
na hana shahidi.

Jioni hiyohiyo, mhadhara, viwanja vya Furahisha.
Spika nne, jenereta moja.
Mwinjilisti wetu akapiga meza: ya kweli ni moja, ni hii!
Ustadhi wao akapiga meza ileile: ni moja, ni hii!
Tukashangilia wa kwetu, wakashangilia wa kwao,
ungedhani Pamba wanacheza.
Nami nilishangilia mpaka koo likakauka, sidanganyi.
Njiani kurudi ndipo nikaona
kila mmoja alipima jiwe la mwenzake
kwa mizani ya nyumbani kwake,
na kila jiwe likatoka pungufu.

Mwajabu alikuwa bado hajafunga meza.
Huyu Mwajabu, mwaka wa kipindupindu,
alifua mashuka yangu kwa mikono mitupu,
mashuka ambayo dada zangu wa kwaya
waliyasalimia kutoka mlangoni.
Alipomaliza akatawadha, akaswali,
akarudi na uji.
Sikuuliza ule uji umepitia mlango gani.

Msinielewe vibaya. Nampenda Yesu.
Siku nilipomzika mwanangu wa pili
niliitwa jina langu gizani, polepole,
na sauti ile naijua ni ya nani.
Hiyo sibadilishi na mtu.
Akija msomi kuniambia dini zote ni sawa,
dagaa ni dagaa tu, nitamcheka:
wapo waliokaushwa mchangani,
wapo waliokaushwa juu ya chanja,
mimi nawatofautisha kwa kidole, macho nimefumba.
Lakini kusema "hapa nilikunywa, nikapona"
si sawa na kusema "kwingine kote ni kukavu,"
hasa kinywani mwa mtu
ambaye hajavuka hata Ukerewe.

Mkaguzi yupo. Naamini yupo.
Ila mawe yake hatukuachiwa sisi,
si mwinjilisti, si ustadhi,
wala mimi na kipande changu cha mkaa.

Jumatatu Nkwabi akatumwa dagaa, nusu kilo.
Nikamwambia, nikiwa nachota, bila kumtazama:
"Kuhusu bibi yako. Sijui.
Jana nilisema kama najua."
Hakujibu. Alikuwa anaangalia mshale.
"Mwalimu, umezidisha."
"Naona," nikasema. "Fungua mfuko."